Nondo za balkoni zinakaa juu

Jumanne usiku nimepata ujumbe wa dada mmoja anayejenga ghorofa moja: "Injinia, shikamoo. Fundi anasema nondo za balkoni zikae chini kama za slabu ya sebule. Tunamwaga zege Jumamosi. Nimkubalie?"

Usingizi ulikata. Jambo hilohilo lilinitoa kazini mwaka 2014, na nikilikumbuka kifua bado kinabana.

Nilikuwa na miezi mitano tangu nimalize chuo. Saiti ilikuwa Mwanza, nyumba ya mlimani, balkoni imetokeza mita 1.5 bila nguzo mbele. Nondo zilifungwa karibu na uso wa juu wa slabu, yaani bamba la zege, kama mchoro ulivyotaka, nikazikagua mwenyewe jioni. Asubuhi vijana wa kubeba zege kwa karai wakaanza kupita juu ya nondo hizo, kwenda na kurudi. Vikalio vya kuzinyanyua havikutosha. Niliziona nondo za milimita 12 zikizama hatua kwa hatua. Nikamwambia fundi mkuu, mtu wa umri wa baba yangu. Akanijibu, "Kijana, zege likishika limeshika." Nikamwonea haya, nikanyamaza.

Mirunda iliyoegemeza balkoni ilitolewa baada ya siku 28. Kesho yake nikakuta ufa juu ya balkoni, umefuata ukuta mwanzo hadi mwisho. Nilipoupima kwa ukucha, ukucha ulizama. Tukarudisha mirunda mbiombio, balkoni ikavunjwa kwa nyundo. Mwenye nyumba akaambiwa yule kijana wa chuo ndiye aliyekagua. Malipo yangu ya miezi miwili yakaishia hapo, na habari ya karai hakuna aliyeitaja.

Chukua muhogo mbichi. Nusu ubane mezani, nusu itokeze nje, kisha kandamiza ncha. Utaanza kupasuka juu, palepale ukingoni mwa meza, kwa sababu juu unavutwa na chini unabanwa. Zege ni vivyo hivyo: likibanwa ni jabari, likivutwa nguvu yake ni kama sehemu moja tu ya kumi. Kazi ya kuvutwa tumeipa nondo, kwa hiyo nondo hukaa panapovutwa. Slabu ya sebule imelala juu ya kuta pande zote, inapinda katikati, inavutwa upande wa chini. Hapo fundi wako yuko sahihi. Balkoni imeshikwa ukutani tu, nayo inavutwa upande wa juu.

Tazama na uzito wake. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ni kilo 2,500 hivi. Slabu ya sentimita 15 ina kilo 375 kila mita ya mraba, kwa hiyo balkoni ya mita 4 kwa 1.5 ina kilo 2,250 kabla ya vigae, kabla ya wageni wa harusi kusogea ukingoni kupiga picha. Ukiitokeza mita 2 badala ya 1, nguvu ya kuikunja pale ukutani inakuwa mara 4, maana uzito umezidi mara 2 na umesogea mbali mara 2. Nondo iliyotakiwa kuwa sentimita 12 kutoka chini ikizama hadi 8, theluthi ya uwezo imekwenda, na zege limeshaifunika.

(Nguvu za pembeni, upepo na tetemeko kama lile la Bukoba la Septemba 10, 2016, nitaziandikia siku yake.)

Ndugu zangu, najua sote tunataka ghorofa, na balkoni ya kupunga upepo jioni. Basi mlipeni mkaguzi wa nondo kabla ya kununua vigae. Siku ya zege mwenye nyumba awepo saitini. Tandazeni mbao za kupitia karai, nondo zisikanyagwe. Na wewe uliyetoka chuo juzi, ukiona nondo inazama simamisha kazi, mzee akasirike akitaka. Mimi tangu mwaka ule sijaruhusu ndoo hata moja imwagwe kabla sijapitisha rula.

Dada, jibu lako: zikae juu, na ziingie ndani ya slabu ya chumba walau mara moja na nusu ya urefu uliotokeza. Ijumaa jioni simamisha rula kutoka kwenye ubao wa chini hadi kwenye nondo, unitumie picha. Mashine ya zege isiwashwe mpaka nikujibu.