Kivuli cha pua kwenye mahojiano: kwa nini kupunguza mwanga hakusaidii

SWALI: Narekodi mahojiano ofisini kwa paneli ya LED ya sentimita 15 kwa 20, iliyo kwenye stendi mita 2 kutoka kwa mhojiwa. Kivuli cha pua kinakata shavu, na kivuli cha kichwa kinajichora ukutani. Nimebandika karatasi nyeupe kwenye paneli na kupunguza mwanga hadi nusu, hali ni ileile. Nifanyeje?

JIBU: Ukingo wa kivuli unaamuliwa na ukubwa wa chanzo cha mwanga kikitazamwa kutoka alipoketi mhojiwa. Kwa mita 2 paneli yako ni tundu tu: miale yote inatoka sehemu moja, na pua inaizuia yote kwa mkupuo. Ukipunguza mwanga, uso na kivuli vinafifia pamoja. Karatasi nayo ina ukubwa uleule wa paneli, kwa hiyo imekula mwanga bure.

Ikuze taa. Tafuta kitambaa cheupe cha angalau mita 1 kwa 1 (shuka jepesi la pamba linatosha), ukikaze kwenye fremu ya mbao na kukisimamisha kati ya taa na mhojiwa, sentimita 80 hadi mita 1 kutoka usoni. Paneli iwe nyuma yake kwa kama sentimita 70. Sasa tazama kitambaa chenyewe: kikiwaka katikati tu huku pembe zikiwa giza, taa imekaribia mno na chanzo chako halisi ni hilo duara dogo. Irudishe nyuma hadi kitambaa kijae mwanga. Mwanga utapungua kwa nusu au zaidi, hivyo ongeza nguvu ya paneli hadi mwisho, kisha pandisha ISO (kipimo cha kamera kuhisi mwanga) ikibidi. Ila usikisogeze kitambaa mbali ili kisionekane kwenye picha. Kikifika mita 3 kimeshakuwa taa ndogo tena. Afadhali ubane picha, imwonyeshe mhojiwa kwa karibu zaidi.

Shuka lililozeeka na kuingia umanjano litaipa ngozi umanjano, kwa hiyo pima rangi nyeupe kwenye kamera (white balance) baada ya kulitundika. Wenye taa za halojeni wasijaribu kwa shuka: balbu hizo zina joto la kuunguza kitambaa.

Kitambaa kikae upande wa digrii 45 kutoka kwenye mstari wa kamera na mhojiwa, katikati yake juu kidogo ya macho. Kikipanda sana, matundu ya macho yanakuwa meusi. Kishushe hadi nuru ionekane kwenye mboni. Zima taa za dari, maana ndizo zinazochora weusi chini ya macho.

Shavu la pili likibaki na giza, simamisha karatasi nyeupe ya manila sentimita 50 hivi kutoka shavuni, nje kidogo ya picha. Manila hupunguza weusi tu, hailainishi ukingo, kwa hiyo haichukui nafasi ya kitambaa. Na usiweke taa ya pili yenye nguvu sawa upande huo: utapata vivuli viwili vya pua.

Kivuli cha ukutani ni rahisi kukiondoa. Msogeze mhojiwa mita 1.5 hadi 2 kutoka ukutani, kivuli kitaanguka nje ya picha.

Kwa mwenye miwani, kitambaa kikubwa huakisiwa kwenye vioo. Kipandishe kidogo, au mwombe ainue mikono ya miwani juu ya masikio kwa sentimita moja, ili vioo viinamie chini.