Kabla ya Kupaka Kutu, Taja Siku

Wiki hii kijana mmoja wa Tabora kaniandikia. Ameunganisha mfano wa plastiki wa Long Tom, ule mzinga wa Kimarekani wa milimita 155, boksi la kampuni ya AFV Club, kipimo cha 1 kwa 35, yaani mdogo mara 35 kuliko wenyewe. Kazi yote kamaliza na bado anaona kama kitu cha kuchezea watoto. "Shikamoo kaka. Nimenunua rangi za kutu za aina zote nilizopata, nimepaka, sasa ndiyo umeharibika zaidi. Niongeze ipi?"

Usiongeze yoyote, mdogo wangu. Nimeziangalia picha zako. Mkono unao, viungo umefunga vizuri, hata mstari wa maungio katikati ya mtutu umeusugua ukaisha, jambo ambalo wengi linawashinda. Ila nikikuuliza mzinga huo uko wapi na ni mwezi gani, hutanijibu. Kutu iko kila mahali kwa kiasi kilekile, kuanzia mdomo wa mtutu hadi matairi. Hadi matairi!

Neno kutu linanichoma kidogo, na sitalificha. Miaka kadhaa iliyopita nilibeba mzinga wangu kwenda kwenye maonyesho fulani ya kazi za mikono, si hapa Kigoma. Nikakuta nimepangiwa meza moja na magari ya waya na wanasesere wa vitambaa, upande wa watoto. Hilo nililimeza. Kilichobaki rohoni ni yule bwana aliyekuwa akipita na karatasi ya alama. Akainama, akasoma kibao changu, akasema, "Huu ni wa Vita Kuu ya Kwanza, ana miaka mia huyu. Mbona hana kutu?" Akaandika alama zake akaondoka. Sikupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Basi ngoja niufungue hapa.

Mzinga wenyewe ni wa sentimita 10.5 uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli hiyo iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikakimbilia kujificha kwenye delta ya Rufiji, ikazingirwa humo hadi ikaishia hapo tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yote kumi. Karakana ya reli Dar es Salaam ikaiundia magari ya magurudumu ili ivutwe nchi kavu, lakini mmoja ulikuja kwetu kwa reli, iliyokuwa imefika Kigoma 1914 tu, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen. Hii ndiyo Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa kwenye masanduku, ikaungwa upya hapa na kuteremshwa ziwani Februari 1915. Mimi nimetengeneza kipande cha sitaha yake na mzinga juu yake, mwisho wa mwaka huo wa 1915.

Sasa piga hesabu. Königsberg iliingia kazini 1907. Mwishoni mwa 1915 mzinga ule ulikuwa na umri wa miaka minane. Umezungukwa na mabaharia ambao kazi yao ya kila siku ni kuufuta, kuupaka mafuta na kuufunika turubai. Ziwa ni la maji baridi, hakuna chumvi ya kula chuma usiku kucha. Kutu ingetoka wapi? Yule bwana alikuwa na picha ya mzinga wa makumbusho kichwani. Mizinga ya Königsberg iliyobaki ipo, mmoja Fort Jesus Mombasa, mwingine Union Buildings Pretoria, na ule wa Mombasa umepigwa na upepo wa bahari miaka na miaka, rangi juu ya rangi. Ukitengeneza huo, paka kutu, paka na tabaka za rangi nene zilizoziba hata alama za chuma. Ni mzinga mwingine, wa siku nyingine.

Hilo ndilo somo langu lote, na mkiniona narudia nivumilieni. Kabla ya kugusa rangi, andika siku nyuma ya boksi. Mahali, mwezi, mwaka, na mzinga umetoka kufanya nini. Umefyatua asubuhi? Umekokotwa siku kadhaa kwenye tope? Upo bandarini unasubiri? Uchakavu wote unatoka kwenye jibu hilo, na ukikosa jibu utabaki kupaka kutu kwa sababu umeona wengine wamepaka.

Mimi sikuwa na boksi. Nilijenga kila kitu mwenyewe, na hapa nitajisifu kidogo maana hakuna mwingine wa kunisifu. Mtutu wa mzinga ule una urefu wa kipenyo chake mara 40, yaani mita 4.2. Ukigawa kwa 35 unapata sentimita 12, na tundu lake la mbele ni milimita tatu. Nikazunguka mafundi redio wa Mwanga, hapahapa Kigoma, nikiomba antena mbovu. Antena ya redio ina vipande vinavyoingiana, kila kimoja chembamba kuliko kilichotangulia, na mtutu wa mzinga wa meli nao una ngazi hivyohivyo, mnene nyuma na mwembamba mbele. Tundu tayari limo. Unaparuza ule mng'ao kwa msasa laini ili rangi ishike, basi. Ribiti nilizitoa kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, nikizibonyeza kwa kalamu ya wino iliyokauka juu ya kipande cha mpira. Kabari ya chuma inayoteleza kando kufunga nyuma ya mtutu ilinila usingizi kuliko vyote. Mama watoto aliuliza kama nimeoa mzinga.

Rangi napulizia kwa brashi ya hewa, na umeme ukikatika sihangaiki. Nina tairi kuukuu la gari, namlipa fundi pancha analijaza upepo, nafunga mpira kwenye valvu. Upepo unatosha kazi ndogo. Shughuli yangu ya kila siku ni kuandika vibao vya maduka, kwa hiyo praima, tina na vanishi vimo humu ndani miaka yote. Ila tina ya dukani usiisogeze kwenye plastiki ya boksi, itaiyeyusha. Kwa plastiki tumia rangi za maji kwanza, kisha za mafuta kidogo sana zilizozimuliwa kwa tapentaini, juu ya vanishi iliyokauka kabisa.

Turudi kwenye uchakavu, maana ndiyo ulioulizwa. Nina jirani, mzee aliyekuwa mpiga mizinga kwenye vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Nilimletea mzinga kabla sijaumaliza nikamuuliza angeuona wapi umechoka. Hakuangalia mtutu kabisa. Alionyesha mikono ya magurudumu ya kuinua na kugeuza mtutu, pale viganja vinaposhika. Akaonyesha mahali mpakiaji anaposimama, akasema rangi ya hapo huisha kwa buti. Akaonyesha sehemu mtutu unaporudi nyuma baada ya kufyatua, akasema hapo pana chuma kitupu chenye grisi, na ole wako pakutwe na vumbi. Nikamuuliza kuhusu kutu mdomoni mwa mtutu. Akacheka. "Kutu kwenye mtutu? Ungelala mahabusu."

Basi nikafuata viganja na buti. Kombora la mzinga ule lilikuwa na uzito wa kilo 17 na ushee, na linabebwa na mtu mikononi, kwa hiyo sitaha nyuma ya mzinga ndiyo imekwanguka kuliko mzinga. Nilitumia spreya ya nywele. Unapaka rangi ya chini, rangi ya chuma au ya praima, ikikauka unapuliza spreya ya nywele, juu yake rangi ya maji. Kisha unalowesha brashi ngumu na kukwangua taratibu pale tu buti lilipopita. Rangi inabanduka kwa umbo la kweli, mkono wako haulazimishi. Vialama vidogo zaidi niligusa kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, rangi ya kahawia iliyokolea, nikiikausha kwanza kwenye karatasi hadi ikaribie kuisha. Kisha nikaacha. Kuacha ndiko kugumu. Mtu akishajua kukwangua anataka akwangue kila kona.

Kutu kidogo niliweka: kwenye minyororo, na chini ya bolti za sitaha ambako maji husimama. Kutu hufuata maji. Ukitaka kujifunza, teremka Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, ukaangalie maboti ya chuma, au kaa stesheni uyatazame mabehewa ya mizigo. Utaona mstari wa kahawia ukishuka kutoka kwenye kila tundu na kila kiungo, juu umekolea na chini unafifia. Hautambai kwenda pembeni, na hauanzii katikati ya bati safi. Angalia kwa macho, picha omba ruhusa kwanza. Bandari na reli si mahali pa kuelekeza simu ovyo, na kambi ya jeshi usijaribu kabisa.

Udongo nao una hesabu yake. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwenye kipimo cha 1 kwa 35, ni jiwe la karibu sentimita mbili. Ndiyo maana mizinga mingi iliyopakwa udongo wa uani inaonekana imemwagiwa kokoto. Mimi nachukua udongo mwekundu wa Ujiji, nauponda, nauchekecha kwa soksi ndefu ya kike, kisha nautia kwenye kopo la maji na kukoroga. Nahesabu taratibu hadi chembe nzito zitue, nayamimina yale maji mekundu kwenye sahani, nayaacha yakauke. Kinachobaki ni unga laini kama poda. Unaupaka kwa brashi kavu, unaushikisha kwa tone la tapentaini. Unga wa mkaa uliosagwa vizuri nao unafaa kwa masizi ya mdomo wa mtutu, kidogo tu, na kama tu umefyatua siku hiyo.

Kuhusu vanishi ya kufifisha mng'ao, usiipulizie siku ya mvua. Hewa ikiwa na unyevu inaweza kukuachia ukungu mweupe juu ya kazi ya miezi. Huku kwetu mvua zikianza Oktoba au Novemba mimi naunganisha na kusugua tu. Kiangazi ndiyo napuliza.

Vijana wangu, nasema kwa upendo ila nasema. Mnapenda vya kununua. Kila ujumbe ninaopata ni rangi gani, kampuni gani, chupa gani. Hakuna anayeniuliza mzinga ule ulifungwaje, nani aliusukuma, ulipita njia gani. Mnatazama kazi za Wazungu zenye tope la kijivu na theluji, mnazinakili, halafu mnashangaa mzinga wenu hauna mahali pa kukaa. Yule kaitengeneza theluji kwa sababu siku yake ilikuwa na theluji. Wewe una sababu gani? Na mtu akija na karatasi yake ya alama akakuuliza mbona hivi, uwe na jibu la kumpa hapohapo, si kama mimi niliyebaki nimeshika kibao.

Kwa hiyo wewe wa Tabora, tufanye hivi. Long Tom haukupigana Tabora, udongo mwekundu uliouweka kwenye magurudumu utoe. Chagua Italia 1944, majira ya baridi, mzinga umekaa mahali pamoja muda mrefu. Tope litakuwa zito chini, kwenye miguu ya nyuma na yale majembe yanayochimbia ardhini, na litakuwa limekauka nusu. Matairi yatakuwa na tope bila kutu. Rangi ya kijani juu ya mtutu itakuwa imepauka kidogo na karibu safi, sehemu ya kurudi nyuma iwe chuma cha mafuta, na vishikio vya mkono vimemomonyoka. Kutu uliyokwisha paka, ikiwa ni rangi ya mafuta na bado haijakomaa, jaribu tapentaini kwa pamba polepole. Ikigoma, pulizia kijani upya. Utaumia siku moja tu.

Ukipenda mada ya nyumbani, Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, mwisho wa kiangazi. Septemba ya Tabora unaijua wewe kuliko mimi: vumbi tupu, tope hakuna. Utafute mzinga wa vita ile na uupe vumbi hilo, lianzie kwenye magurudumu na kupungua kadiri unavyopanda.

Ukitaka kuja niutazame kwa macho, njoo na treni, nitakupokea stesheni. Mtutu utoe kwenye gari lake, uufunge kwenye kitambaa, uushike mkononi njia nzima. Usiuweke kwenye begi la juu.