Projekta mbili zipo, filta zipo, miwani ipo, mbona muvi ya 3D bado inaonekana mbilimbili?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina kibanda umiza hapa Mwanjelwa, Mbeya, nataka nionyeshe 3D. Nimepata projekta mbili za LCD zinazofanana nikazibebanisha, nimeweka filta za polaraizi (zile zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu) na miwani yake, lakini hata ukivaa miwani unaona picha mbilimbili. Skrini ni shuka jeupe.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tatizo ni hilo shuka. Filta inapanga mwanga wa projekta moja uje kwa jicho la kulia na wa nyingine kwa la kushoto, sasa ukigonga kitambaa cheupe au ukuta wa chokaa unavurugika wote, miwani inashindwa kuchambua upi ni wa nani. Inatakiwa skrini ya silva ndio inarudisha mwanga vilevile ulivyokuja.

Usikimbilie kuagiza. Chukua kipande cha plaiwudi, kipige msasa mpaka kiwe laini, upake rangi ya silva ile ya aluminiamu wanayopaka mageti, kikikauka kishike mbele ya shuka muvi ikiwa inacheza, vaa miwani ufumbe jicho moja moja. Pale kwenye kipande ile picha ya pili itafifia sana, pembeni kwenye shuka itabaki, utaona mwenyewe kwa macho yako. Ukiridhika ndio upake skrini nzima, na tafadhali ipulizwe kwa spreya kama wanavyofanya mafundi rangi wa magari maana brashi inaacha michirizi na kwenye silva kila mchirizi unaonekana.

Filta ziwe nyuzi 45, moja imelalia kulia nyingine kushoto, ukiona picha imekuwa ya kijani au zambarau ujue filta umeiweka wima au imelala, hizo projekta za LCD nyingi mwanga wake wa kijani umepangwa tofauti na rangi zingine. Filta usiigandishe kwenye lenzi, acha nafasi, joto linaiharibu. Na mwanga utapungua nusu au zaidi kwa hiyo kibanda kiwe giza kweli, ziba hata matundu ya bati.

Kingine watu wanasahau, simamisha muvi kwenye picha yenye milima au nyumba za mbali, vua miwani, upime kwa rula pale kwenye skrini umbali kati ya zile picha mbili za mlima au nyumba ileile. Isizidi sentimita 6.5, ndio nafasi ya macho ya mtu mzima, ikizidi macho yanalazimishwa kugeukia nje kila moja upande wake na wateja watatoka na kichwa kinauma. Ikizidi sogeza projekta mbele picha iwe ndogo. Benchi za pembeni kabisa zitoe, silva ikitazamwa kwa upande inakuwa giza.