Waambie kabla sukari haijawaambia

Marahaba mwanangu. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara tatu, dakika saba nzima jamani, lakini swali nimelipata: mfadhili wa shirika lenu, yule wa Ulaya, hajathibitisha hela ya mwaka kesho, una watu 14 chini yako, uwaambie saa hii au usubiri mpaka ujue kitu cha uhakika. Waambie. Alhamisi hii hii, wote mkiwa chumba kimoja, mlinzi na mama wa chai wakiwemo.

Mimi nilipokuwa naongoza shirika nilinyamaza ndo maana nakwambia. Mwishoni mwa 2011, ulikuwa bado uko sekondari, Global Fund, ule mfuko wa dunia wa UKIMWI, TB na malaria, walifuta ile Raundi ya 11 ya kugawa hela na mashirika yaliyokuwa yanaitegemea yakabaki yanashangaa. Hela yetu ilikuwa ya mfadhili mwingine kabisa ila naye akaanza kupiga chenga, mara bodi yao haijakaa, mara subirini robo ijayo, basi mimi nikajifanya mama mlezi nikasema nisiwatie watu presha. Nikaanza kubana kimya kimya, dereva nikamwambia asijaze tenki aweke lita 20 tu, sukari ya ofisi nikapunguza. Mama wa chai ndo akawa wa kwanza kujua. Amezoea kutumwa kilo mbili, leo anatumwa nusu, na mwanamke anayeendesha nyumba hahitaji kuelezewa nusu kilo maana yake nini. Wiki mbili hazikuisha ofisi nzima inajua, ila inajua vibaya, hawa wanasema nimekula hela, hawa wanasema tunafunga Ijumaa. Manesi wangu wawili wazuri wakaondoka mwezi huo huo. Alafu hela yenyewe ikaja mwezi wa nne! Hela ipo, watu hamna.

Sasa utasema mama niwaambie nini na mimi sijui. Unajua hela iliyopo inafika mwezi gani. Hiyo itaje, "mishahara ipo mpaka mwisho wa mwezi wa tatu", hivyo tu, na usije ukatamka "msijali mambo yatakuwa sawa" maana hilo neno watakudai siku moja. Waambie pia lini utawapa taarifa tena, na siku hiyo ikifika kaa nao hata kama huna jipya, dakika tano zinatosha.

Ila hiyo miezi uihesabu vizuri. Hela ya benki sio yote yako, ya mradi wa lishe ni ya lishe. Najua kishawishi kilivyo, unakopa mradi huu unalipa mishahara ya ule, "tutarudisha ikiingia", karibu kila ofisi niliyopita nimelikuta hili. We mwenyewe uliona Januari 2025, Wamarekani wamesimamisha misaada tarehe 20, tarehe 24 maagizo ya kusitisha kazi yameshaanza kutoka, na kuna mashirika yalikuwa yameshatumia hela yao yakisubiri kurejeshewa, yakakwama. Machi wakatangaza wamefuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada. Aliyekuwa amekopa mradi mwingine hapo angerudisha na nini?

Alafu kwenye hiyo hela toa gharama ya kuagana na watu, hapa wengi wanajisahau. Sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya 2004 inataka notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, malipo ya likizo ambayo hajaenda, na kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Mtu wa miaka sita hiyo ni siku 42. Na kupunguza watu huamki tu ukagawa barua, unatakiwa utoe taarifa ya kusudio na ushauriane nao kabla hujaamua. Kwa hiyo ukishatoa hizo, Machi yako inaweza ikawa Februari, na bora uijue leo.

Kuhusu kukata kila mtu mshahara nusu ili wote wabaki, mimi siipendi, wazuri wanaondoka kwanza na waliobaki wanafanya nusu kazi. Lakini waulize wenyewe, mwaka ule hakuna niliyemuuliza.

Na wale wanaotembelea wagonjwa majumbani waanze sasa hivi kunyoosha madaftari yao, nani anachukua dawa kituo gani, tarehe yake lini, simu ya ndugu yake, ili mkisimama kesho nesi wa zahanati aweze kuendelea nayo. Nimewahi kuona daftari lililoandikwa "mama Juma, nyumba ya bluu" basi. Huyo utampata wapi?

Jumapili njoo na laptopu baada ya ibada tupitie hiyo Excel mstari kwa mstari, baba yako atachoma samaki. Na sukari ya ofisi usiiguse kabla ya Alhamisi.

Mama