Kwanza Mzee Cartola, Kanivali Baadaye

Wiki hii mmeuliza: ukiruhusiwa kuwapigia wapenzi wenzako wa muziki santuri moja tu ya zamani, utachagua ipi, na kwa nini? Yangu nimeshaichagua siku nyingi. Ni samba ya Brazili, santuri ya mwimbaji Cartola ya mwaka 1976, ile yenye picha yake na mkewe, Dona Zica, wakiwa dirishani.

Tukisikia samba, wengi wetu akili inakimbilia Rio de Janeiro wakati wa kanivali: manyoya, ngoma kibao, watu wamejaa barabarani. Marafiki niliowaita nyumbani walikuja wakitegemea hayo hayo. Nikaanza na upande wa kwanza, sindano ikatua, na kilichotoka ni gita, filimbi na mzee anayemwonya binti aliyeazimia kuondoka: tazama unakokwenda, dunia ni kinu, itazisaga ndoto zako. Huo ndio wimbo O Mundo É um Moinho. Rafiki mmoja aliyekulia kwenye taarabu akatikisa kichwa: "Huyu mzee ana lake jambo."

Analo. Cartola, jina lake halisi Angenor de Oliveira, alizaliwa Rio mwaka 1908. Alikuwa fundi mwashi, na alivaa kofia kazini ili saruji isimwingie kwenye nywele. Ndipo wenzake wakambandika hilo jina, maana yake kofia ndefu ya kibwanyenye. Mwaka 1928 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha samba cha Mangueira, na rangi zake, waridi na kijani, alizichagua yeye. Tungo zake nyingine aliwauzia waimbaji wenye majina. Kisha akapotea kabisa kwenye muziki, hadi miaka ya 1950 mwandishi wa habari Sérgio Porto alipomkuta Ipanema, mtaa wa Rio, akiosha magari. Mwaka 1963 yeye na Zica wakafungua mgahawa, Zicartola, ambako watu wa samba wa mitaa ya maskini ya vilimani walikutana na vijana wa mjini. Santuri yake mwenyewe ya kwanza ilitoka mwaka 1974, akiwa na miaka 65. Hebu fikiria, mtu anatunga tangu ujana, zamu yake inafika uzeeni!

Ndiyo maana nasisitiza sauti yake isikilizwe kabla ya matoleo ya wengine. As Rosas Não Falam, wimbo wa huzuni wa upande wa pili, mwimbaji Beth Carvalho naye aliurekodi mwaka huohuo, na kwa ufundi wa koo anamzidi Cartola mbali. Bado mimi niko na mzee. Anapoyalalamikia mawaridi kwamba hayasemi, yananukia tu harufu yaliyoiiba kwa mpenzi wake, haongezi madoido hata kidogo. Anasema, anapita.

Kuna wimbo usio wake, Preciso Me Encontrar wa mtunzi Candeia. Unaanza na basuni, ala ya kupulizwa yenye sauti nzito ambayo sikuwahi kuitegemea kwenye samba. Hapo wageni wangu waliacha kuongea. Na kwa wale waliokuja kucheza, Ensaboa, ambao Cartola anauimba na binti yake Creusa, ni wimbo wa kufua nguo wenye kuitikiana; makofi yalianza yenyewe, bila mtu kuomba.

Ushauri wangu kwa atakayeifuata njia hii: usiruke wimbo, usitafsiri katikati, na usiweke vinywaji karibu na santuri. Anayetaka ngoma za kanivali tu atachoka mapema. Mwache aende zake. Anayetaka kuazima, mimi siazimishi. Aje nyumbani, nitampigia hata mara tatu.