Maswali Yenu: Vichujio vya Espreso

Barua nyingi za safari hii zinahusu mashine ndogo za espreso za nyumbani. Tukubaliane majina kwanza. Kichujio ni kile kikombe cha chuma chenye matundu kinachobeba kahawa. Mkono ni kipande chenye mpini kinachoshika kichujio na kufungwa kwenye mashine. Kishindilio ni cha kukandamizia kahawa.

Nina De'Longhi Dedica. Nilishauriwa niache kichujio kilichokuja nayo ninunue chenye matundu mengi. Sasa kahawa inamwagika ndani ya sekunde saba, nyepesi kama chai ya rangi. Nimeuziwa kibovu? (Msomaji, Kinondoni)

Kichujio hakina kosa. Kile cha kiwandani kina kuta mbili: ndani matundu mengi, lakini chini kabisa kuna kitundu kimoja chembamba. Kitundu hicho ndicho kinachoyabana maji, na ndiyo maana hata kahawa iliyosagwa ovyo inatoka na povu. Hiki cha ukuta mmoja hakina msaada huo. Hapa kinachoyabana maji ni kahawa yenyewe, na kahawa nyingi ya pakiti imesagwa kwa ajili ya birika, siyo kwa espreso. Maji yanajipitia tu.

Kwa hiyo gharama halisi ya kichujio cha ukuta mmoja ni mashine ya kusagia. Ya kuzungusha kwa mkono, yenye meno ya chuma na inayorekebishika kwa hatua ndogo ndogo, inatosha. Blenda ya viungo haifai: visu vinatoa vumbi na vipande vikubwa kwa mpigo mmoja, nawe unapata uchungu na uchachu katika kikombe kimoja.

Ukishapata ya kusagia, anza na gramu 16. Koroga unga ndani ya kichujio kwa sindano nyembamba ya milimita 0.3 au 0.4, ufike hadi chini, ili madonge yavunjike. Shindilia wima, bila kuinamisha kishindilio. Weka kikombe juu ya mizani na uanze kuhesabu pale unapobonyeza. Lenga gramu 32 za kinywaji ndani ya sekunde 25 hadi 30. Zikifika kwa sekunde 15, saga laini zaidi. Ikidondoka tone tone hadi sekunde 40, legeza usagaji. Uzito wa kahawa usiuguse mpaka usagaji utulie, la sivyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Buni nazo zina neno. Zilizochomwa wiki moja au mbili zilizopita ndizo zinazotoa povu zuri; zikizidi mwezi, gesi imekwisha na maji yanapita haraka hata ukisaga vilevile. Robusta ya Kagera hutoa povu nene kuliko arabika ya Kilimanjaro, lakini unene wa povu si kipimo cha ladha.

Kama huna mpango wa kusaga mwenyewe, rudi kwenye kichujio cha kuta mbili bila aibu yoyote. Huko usitumie unga laini sana, maana kile kitundu kitaziba. Kikiziba, kizibue kwa pini kutokea nje, kisha kisuuze kwa maji ya moto.

Kishindilio changu ni cha milimita 49 na kichujio ni cha 51. Kinaingia bila shida. Kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

Upo. Kinabaki kiduara cha milimita 1 pande zote ambacho hakikushindiliwa, na maji hufuata njia nyepesi. Yanashuka ukutani, kahawa ya katikati inabaki haijatoa kitu. Utaliona kosa hilo kwenye masimbi, yaani kahawa inayobaki kichujioni: ukingo umelegea na umepauka.

Pima kipenyo cha ndani cha kichujio kwa kalipa (kifaa cha kupimia chenye taya mbili), kwa sababu rula hupotosha. Dedica ni 51, Bambino ya Breville (Ulaya huitwa Sage) ni 54, Gaggia Classic ni 58. Vichujio vya 58 vilivyotengenezwa kwa usahihi zaidi mara nyingi hutaka kishindilio cha 58.5. Usinunue kichujio kwa kipenyo peke yake. Angalia pia kina chake, kwa sababu kirefu mno hakitaingia kwenye mkono wenye midomo ya kumiminia kahawa.

Nimeongeza kile kisahani cha wavu kinachokaa juu ya kahawa. Mkono haufungi vizuri tena. (Msomaji, Muscat)

Visahani vingi vina unene wa karibu milimita 1.7, na nafasi hiyo lazima itoke kwenye kahawa. Kwanza toa kisahani. Shindilia kahawa kama kawaida, weka sarafu nyembamba juu yake, funga mkono, kisha ufungue bila kupitisha maji. Sarafu ikiwa imezama, kahawa ni nyingi hata kabla ya kisahani. Punguza gramu moja moja hadi isiguswe kabisa, ndipo urudishe kisahani ukipunguza tena gramu 1 au 2. Kulazimisha mkono kunaumiza gasketi, ile pete ya mpira inayozuia maji yasivuje.

Kazi kubwa ya kisahani hiki ni kuzuia masimbi yasirukie juu kwenye mashine. Tungekuwa na fedha ya kitu kimoja, tungenunua mizani.

Niliuloweka mkono na kichujio usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia. Mkono umegeuka mweusi na unaacha unga wa kijivu. (Msomaji, Arusha)

Mkono wako ni wa alumini, na dawa za kuondoa mafuta ya kahawa ni kali kwa alumini. Sugua kwa brashi na maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya maji. Kama unga unaendelea kutoka, tafuta mwingine.

Kichujio cha chuma kisichoshika kutu kinavumilia. Kitoe kwa kukibinua na mpini wa kijiko, kiloweke peke yake mara moja kwa wiki: kijiko kimoja cha chai cha dawa kwa lita moja ya maji ya moto, dakika 20, suuza sana. Kiinue kuelekea dirishani. Kila tundu lipitishe mwanga. Penye doa jeusi, rudia. Mpini wa mbao au plastiki usizame kamwe.

Kusafisha kwa kichujio kisicho na tundu, maji yakarudi nyuma, ni kwa mashine zenye vali ya njia tatu, yaani inayotoa shinikizo la maji ukizima, kama Gaggia Classic. Dedica haina vali hiyo, kwa hiyo usijaribu.

Naweza kutia Africafé kwenye kichujio? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Ni kahawa ya kuyeyuka. Itapita yote na kukuachia uchafu wa kunata ndani.

Maji yanavuja pembeni mwa mkono, siyo kupitia midomo. (Msomaji, Bukoba)

Kwanza futa ukingo wa kichujio. Chenga chache tu zinatosha kuvujisha. Pili, angalia kama kahawa imezidi. Yakiendelea kuvuja, gasketi imekauka. Ibonyeze kwa ukucha: nzima inanesa, iliyokufa ni ngumu na ina nyufa. Zima mashine ipoe, fungua skrubu ya kisahani cha kunyunyizia maji, ing'oe gasketi kwa bisibisi bapa taratibu, safisha mfereji wake kwa brashi, uweke mpya ya unene uleule. Kwa anayetengeneza kahawa kila siku, itahitaji kubadilishwa baada ya mwaka mmoja hivi. Usiuache mkono umefungwa kwenye mashine usiku kucha, kwani mpira hubanwa bure na kuharakisha kuchoka.