Shangazi, huku jua linazama saa nane mchana!

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi mtu wa Tanga, huu mwaka wa pili niko Stockholm, Sweden, na wanangu wawili. Desemba inanimaliza kabisa, adhuhuri alasiri magharibi zinafuatana kama zinakimbizana, tukirudi home tunajifungia ndani na simu basi. Halafu shule wanataka binti yangu avae gauni jeupe la Lucia, sijui hata ni kitu gani. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Ile baridi naijua, nimeikaa. Tarehe 21 au 22 Desemba jua la huko linatoka saa tatu kasoro robo asubuhi na kufika saa nane na dakika 48 lishazama, maana upande wa kaskazini wa dunia unakuwa umelipa jua kisogo, hata saa sita mchana liko chini pale juu ya mapaa. Kwa hiyo wikendi usingoje umalize kazi za nyumba, saa tano toka na watoto. Nguo za ndani wavae za sufu, pamba ikilowa jasho inawagandisha, na riflekta kwenye makoti usisahau. Beba themosi ya chai ya tangawizi muende msituni, sheria ya kule inakuruhusu kutembea hata msitu wa mtu ilimradi usiingie uani kwake wala usiharibu kitu. Kukiwa na theluji watafute nyayo za sungura, wanangu walikuwa wanazifuata mpaka wanasahau baridi! Ila ziwani msikanyage barafu, Desemba mara nyingi bado nyembamba.

Mnunue na mganda wa oti, ile nafaka, muutundike nje, ni desturi yao ya zamani ya kulisha ndege Krismasi. Akija yule domherre mwenye kifua chekundu, kwenye ule weupe wote, utaita watoto mwenyewe.

Sasa Lucia. Ni tarehe 13 Desemba, kwa kalenda ya zamani usiku wake ulihesabiwa ndio mrefu kuliko yote. Lucia alikuwa mtakatifu wa Sicily, ila siku hizi Waswidi wengi wanaichukua kama mila, watoto wanaimba gizani na mishumaa, na shuleni mara nyingi ni ya betri. Kama dini inakupa wasiwasi ongea na mwalimu, uamuzi ni wako. Mimi ningeenda, zile sauti zikianza kusikika kabla hujawaona watoto wenyewe, mwili unasisimka.

Na mikate yao, lussekatter, wewe mtu wa pwani utaiweza tu, ni zafarani! Inauzwa vipakti vya nusu gramu, chukua viwili, twanga na sukari kidogo, tia kwenye maziwa ya uvuguvugu mpaka yageuke manjano kabisa, ukande na unga, siagi na hamira. Kunja kama herufi S, katikati ya kila mkunjo zabibu moja, hiyo kazi waachie watoto.

Halafu kuanzia Krismasi waambie wachungulie dirishani kila siku jua linapozama, mwisho wa Januari litakuwa linafika karibu saa kumi.